Baada ya CAR-T: kipimo kipi kinaeleza nafuu itadumu muda gani?

Mgonjwa wa lukemia, limfoma au mayeloma akisharudishiwa seli zake za CAR-T, yaani seli zake za kinga zilizobadilishwa maabara ili zishambulie saratani, maswali ya nyumbani hubadilika. Wiki chache nyuma watu waliuliza kama tiba itafanya kazi. Sasa daktari amesema ugonjwa hauonekani, simu zimepigwa, shukrani zimetolewa, na kabla ya siku kuisha kuna mtu ameshauliza: nafuu hii itakaa muda gani? Kuanzia hapo vipimo hupendekezwa kimoja baada ya kingine. Kwa familia iliyotoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwenda kutibiwa India, kila kimoja kinalipwa kutoka mfukoni, na kila siku ya kusubiri majibu ina kodi ya chumba na chakula chake.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo madaktari hutumia kukadiria muda huo: hali ya damu na ukubwa wa ugonjwa kabla ya tiba, picha ya PET-CT, upimaji wa mabaki ya ugonjwa, na ufuatiliaji wa seli B, yaani seli za kinga ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Sitatangaza moja kuwa bora kwa kila mtu, na sababu ni ya kitabibu. CAR-T haidumu kwa namna moja katika saratani zote za damu. Katika lukemia ya watoto, seli zilizotiwa zinatakiwa zibaki mwilini zikilinda. Katika limfoma zinaweza kutoweka na mgonjwa akaendelea kuwa mzima. Katika mayeloma, kwa wagonjwa wengi ugonjwa hurudi, na kinachotafutwa ni dalili ya mapema kwamba umeanza njia. Dalili ileile ikiwa habari mbaya kwa mtoto mwenye lukemia, inaweza isiwe habari yoyote kwa baba yake mwenye limfoma.

Tofauti kati ya kupata nafuu na nafuu kudumu

Tiba yenyewe huanza kwa kutoa seli T, aina ya seli za kinga, kwenye damu ya mgonjwa. Maabara huziwekea jeni ya kipokezi kinachotambua alama fulani juu ya seli ya saratani: CD19 kwa lukemia ya limfoblasti na limfoma za seli B, BCMA kwa mayeloma. Seli huzalishwa kwa wingi, mgonjwa hupewa kemo ya siku chache ili zipate nafasi, kisha hurudishiwa kwa dripu. Siku zote nitakazotaja huhesabiwa tangu siku hiyo ya dripu.

Emily Whitehead, mtoto wa Marekani aliyetibiwa Philadelphia mwaka 2012 akiwa na miaka 6, lukemia yake haikurudi. Doug Olson alipewa seli hizi mwaka 2010 kwa lukemia sugu ya limfosaiti, na miaka kumi baadaye zilikutwa bado zinaishi katika damu yake. Hao wawili ndio wanaotajwa kila mara, na ni kweli, lakini si picha ya wote. Katika jaribio la ELIANA, lililofungua njia ya kibali cha kwanza mwaka 2017, asilimia 81 ya watoto na vijana wenye lukemia walipata nafuu ndani ya miezi 3. Miaka 3 baadaye, kati ya hao waliopata nafuu, nusu hivi tu ndio waliokuwa bado hawana ugonjwa. Katika ZUMA-1, jaribio la bidhaa ya CAR-T iitwayo axi-cel kwa limfoma kali ya seli B, uvimbe ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa na asilimia 58 walipata nafuu kamili, lakini waliokuwa hai miaka 5 baadaye ni asilimia 43 hivi. Kwa mayeloma, bidhaa nyingine, cilta-cel, katika jaribio la CARTITUDE-1 ilizuia ugonjwa kwa muda wa kati wa miezi 34.9 (nusu ya wagonjwa walipita muda huo), na wagonjwa 32 kati ya 97 walifikisha miaka 5 au zaidi bila ugonjwa kuendelea, kwa dozi moja tu.

India nako kuna CAR-T yao iitwayo NexCAR19, iliyotokana na chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial, ikapata kibali Oktoba 2023. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, asilimia 73 ya wagonjwa 51 waliopimwa waliitikia tiba. Bei yake ilitangazwa kuwa kama dola 50,000 za Marekani, wakati bidhaa ya kwanza kabisa, Kymriah, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 475,000. Ndiyo maana Waafrika Mashariki sasa wanaiulizia. Takwimu za kudumu kwake kwa miaka mingi bado ni chache kwa sababu ni tiba changa, na mgonjwa wake ana haja kubwa zaidi ya ufuatiliaji mzuri.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kipimo nimekiuliza mambo manne: jibu linapatikana lini, linasema nini na kwa saratani ipi, linaweza kupotosha wapi, na linamfaa nani. Cha tatu ndicho nakiomba kisomwe kwa makini zaidi, maana machozi mengi, na hata furaha nyingi za bure, hutoka hapo.

1. Hali ya mgonjwa kabla ya dripu

*Lini:* Kabla ya tiba, na wakati mwingine kabla hata ya kulipia.

*Linasema nini:* Kimeng'enya cha LDH kikiwa juu sana, uvimbe ukiwa mkubwa au umeenea viungo vingi, uwezekano wa nafuu kudumu hupungua. Hili limejirudia katika limfoma na lukemia, na katika mayeloma vivimbe vilivyo nje ya mifupa ni ishara mbaya ya aina hiyohiyo. Kuna pia alama iitwayo CAR-HEMATOTOX, iliyotungwa Ujerumani, inayojumlisha vipimo vitano vya kawaida: chembe sahani, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu), himoglobini, na CRP na feritini, ambazo hupanda mwili ukiwa na uvimbe-joto. Ilibuniwa kutabiri nani damu yake itachelewa kuinuka baada ya tiba, kisha ikaonekana kuwa wenye alama za juu hupata pia maambukizi zaidi na nafuu yao huwa fupi zaidi.

*Linapotosha wapi:* Linazungumza juu ya kundi. Wapo walioingia na LDH ya kutisha wakatoka wazima kwa miaka. Feritini na CRP hupandishwa pia na maambukizi, na kwa mtu aliyetoka kuongezewa damu mara nyingi feritini huwa juu bila kuhusiana na saratani.

*Linamfaa nani:* Yule ambaye bado hajatibiwa. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayotoa nafasi ya kubadilisha jambo mapema, kwa mfano kupunguza uvimbe kwa dawa au mionzi wakati seli zinatengenezwa. Nafasi nyingine ni kuangalia dawa zilizotumika: bendamustini, dawa ya kemo, ikitolewa miezi michache kabla ya kukusanya seli T huzidhoofisha. Daktari wa nyumbani anayefikiria kumpeleka mgonjwa CAR-T aulize timu ya huko kabla hajaiandika. Vipimo vyenyewe vinapatikana katika hospitali nyingi kubwa, na kwa maoni yangu havitumiki inavyostahili.

2. PET-CT

*Lini:* Kwa kawaida karibu siku ya 30, kisha karibu siku ya 90.

*Linasema nini:* Mgonjwa hudungwa glukosi yenye mionzi kidogo na mashine huonyesha inapotumika kwa wingi. Kwa limfoma majibu huandikwa kwa alama ya Deauville, 1 hadi 5. 1 hadi 3 huhesabiwa kuwa hakuna ugonjwa unaowaka, 4 na 5 zinahitaji maelezo. Limfoma nyingi zinazorudi baada ya CAR-T hurudi ndani ya miezi 6 ya kwanza, hivyo picha safi ya siku ya 90 ina uzito mkubwa kuliko ya siku ya 30, na mwaka mmoja bila ugonjwa una uzito zaidi. Katika ZUMA-1, waliofikisha miezi 12 bila tatizo, zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa hai miaka 5 baada ya dripu. Familia ya mgonjwa wa limfoma aliyemaliza mwaka salama ina haki ya kupumua.

*Linapotosha wapi:* Kwanza, siku ya 30 ni mapema. Nafuu nusu, yaani uvimbe umesinyaa bila kuisha, siku hiyo si hukumu: katika ZUMA-1, karibu theluthi moja ya waliokuwa na nafuu nusu mwezi wa kwanza walifika kwenye nafuu kamili baadaye bila tiba nyingine. Seli T zinazopigana na saratani pia hula glukosi na kuwaka kwenye picha.

Pili, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kifua kikuu kinawaka kwenye PET kama saratani inavyowaka. Mgonjwa wa CAR-T ana kinga dhaifu, anatoka eneo lenye TB nyingi, na tezi za kifuani zikionekana zimewaka, msomaji wa picha aliyezoea wagonjwa wa Ulaya anaweza kuandika kuwa ugonjwa umerudi. Kabla ya kukubali habari hiyo na kuanza tiba nyingine, omba kinyama kichukuliwe na kipimwe, pamoja na kupima TB. Huu ndio ushauri ninaoung'ang'ania kuliko mwingine wote hapa.

*Linamfaa nani:* Mgonjwa wa limfoma kwanza, na mgonjwa wa mayeloma mwenye vivimbe nje ya mifupa. Kwa lukemia husaidia kidogo tu, labda kama kulikuwa na uvimbe nje ya uloto. Huduma ipo pia Nairobi, katika hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, hivyo picha ya siku ya 90 si lazima iwe sababu ya kubaki India. Kinachotakiwa ni kurudi na picha zenyewe kwenye CD, maana ripoti ya karatasi peke yake haimtoshi msomaji wa pili kulinganisha.

3. Mabaki ya ugonjwa: MRD na DNA ya uvimbe kwenye damu

*Lini:* MRD ya uloto karibu siku ya 28, kisha kwa vipindi. DNA ya uvimbe kwenye damu hutoa ishara hata ndani ya wiki ya kwanza.

*Linasema nini:* Darubini ikisema uloto ni safi, bado kunaweza kuwa na moto chini ya majivu. MRD hutafuta seli moja ya saratani kati ya 10,000, kati ya 100,000, au zaidi ya hapo kutegemea mashine. Kwa lukemia, MRD ikikutwa baada ya CAR-T, hata kidogo, hasa kwa njia ya kusoma mfuatano wa jeni, hatari ya kurudi kwa ugonjwa hupanda sana. Kwa mayeloma kinachohesabika ni MRD kuendelea kutoonekana: safi leo na safi tena baada ya miezi 12 ni habari njema kuliko safi ya mwezi wa kwanza. Umuhimu wake ulikubalika kiasi kwamba Aprili 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipiga kura 12 kwa 0 kuunga mkono MRD itumike kupima dawa mpya za mayeloma.

Kwa limfoma, ambayo mara nyingi haimo kwenye uloto, hutafutwa vipande vya DNA vya uvimbe vinavyoelea kwenye damu. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 72 wa axi-cel walichapisha mwaka 2021 jambo lililonifanya nikitazame kipimo hiki upya. Walichukua wale ambao picha yao ya siku ya 28 ilikuwa ya mashaka, yaani nafuu nusu au ugonjwa uliosimama tu. Kati ya 17 ambao DNA hiyo bado ilionekana, ugonjwa uliendelea kwa 15. Kati ya 10 ambao haikuonekana, uliendelea kwa 1. Ni watu wachache, lakini ndio hasa wale ambao PET huwaacha njia panda.

*Linapotosha wapi:* Kuna mitego mitatu, na yote inaweza kuepukwa kwa kuuliza mapema. Wa kwanza ni sindano ya uloto. Mililita za kwanza ndizo zenye seli nyingi. Zinazofuata huchanganyika na damu, na MRD ikipimwa kwenye hizo huweza kuonekana safi kumbe sampuli ilikuwa nyepesi. Omba mvuto wa kwanza uende MRD. Wa pili ni alama ya CD19. Baadhi ya lukemia hurudi zikiwa zimeivua alama hiyo ili CAR-T isizione, na maabara inayotafuta saratani kwa kutumia CD19 haitaziona vilevile. Kwa hiyo fomu ya maabara lazima iandikwe kuwa mgonjwa amepata tiba inayolenga CD19. Wa tatu ni wa mayeloma: uloto unaweza kuwa safi kabisa huku kivimbe kikikua ubavuni, na hapo MRD bila picha ni nusu ya jibu.

*Linamfaa nani:* Mgonjwa wa lukemia na wa mayeloma. Kwa limfoma linafaa pale PET ina mashaka na maabara yenye uwezo ipo, kwa kuwa upimaji wa DNA ya uvimbe bado haujaenea. Njia za kusoma jeni zinahitaji sampuli ya zamani, ya wakati ugonjwa ulipokuwa mwingi, ili zijue zinatafuta nini. Sampuli hiyo ikitupwa, njia imefungwa. Iulizie kabla ya dripu.

4. Kufuatilia seli B

*Lini:* Kila mwezi kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi, kwa damu ya kawaida ya mkononi.

*Linasema nini:* CAR-T ya CD19 haichagui. Inaua saratani na seli B zenye afya pia. Zikibaki sifuri, maana yake walinzi bado wapo kazini. Zikirudi, walinzi wameondoka. Kwa watoto na vijana wenye lukemia, seli B kurudi ndani ya miezi 6 ya kwanza ni onyo la kweli, hata kama MRD bado ni safi, na mara nyingi ndipo mazungumzo ya kupandikizwa uloto wa ndugu huanza. Upimaji ni wa jamii ileile ya kuhesabu CD4 tuliyoizoea Afrika Mashariki, ila kwa vitendanishi vya CD19.

*Linapotosha wapi:* Kwa limfoma halina nguvu hiyo. Katika ZUMA-1, wengi wa waliokuwa bado na nafuu baada ya miaka 2 walikuwa na seli B zilizokwisha kurudi, na walikuwa salama. Nimeona familia za limfoma zikipokea karatasi ya seli B kwa hofu isiyo na msingi. Kwa upande wa pili, seli B kubaki sifuri hakumkingi mtoto dhidi ya lukemia iliyovua CD19. Walinzi wapo, lakini adui amebadili sare. Na IgG, aina kuu ya kingamwili kwenye damu, ikiwa chini isichukuliwe badala ya hesabu yenyewe, kwa kuwa hubadilishwa na dripu za kingamwili anazopewa mgonjwa.

*Linamfaa nani:* Lukemia ya limfoblasti, hasa kwa bidhaa ambazo seli zake hutarajiwa kukaa muda mrefu, kama Kymriah. Kwa mayeloma, ambako shabaha ni BCMA, hesabu hii haina maana hiyo.

Ufanye nini, kwa hali yako

Kama bado hujalipia tiba, anza na namba moja. Peleka LDH, picha kamili ya damu, CRP, feritini na orodha ya dawa zote ulizotumia kwa timu itakayokutibu, na uliza swali moja kwa moja: kwa hali hii, mnaona wagonjwa wangapi wanafika mwaka mmoja bila ugonjwa kurudi? Timu nzuri haitakasirika.

Mtoto mwenye lukemia apimwe MRD siku ya 28 na seli B kila mwezi. Hivyo viwili havishindani, kila kimoja huziba tundu la mwenzake. Ndugu zake wapimwe ulinganifu wa uloto mapema, kabla hakujatokea haja, ili seli B zikirudi mwezi wa nne familia isianze kutafuta hati za kusafiria siku hiyo.

Mtu mzima mwenye limfoma aliyepata picha safi siku ya 30 anaweza kurudi nyumbani, daktari akiruhusu, na kufanya ya siku ya 90 Nairobi. Mwenye nafuu nusu asikimbilie tiba nyingine. Kama DNA ya uvimbe inapimika alipo, hapo ndipo pa kutumia fedha; kama haipimiki, arudie PET baada ya wiki kadhaa, na chochote kinachowaka kichukuliwe kinyama kabla ya uamuzi.

Mgonjwa wa mayeloma aendelee na vipimo vya protini ya M na minyororo myepesi, yaani protini ambazo seli za mayeloma humwaga kwenye damu, kila mwezi nyumbani, aongeze MRD akifikisha mwaka, na PET kama aliwahi kuwa na vivimbe nje ya mifupa. Asishtuke protini ya M ikishuka polepole wakati MRD imeshasafika: kingamwili zilizokwisha kutengenezwa huchukua wiki nyingi kuisha kwenye damu.

Na kama fedha iliyobaki inatosha kipimo kimoja tu, mwambie daktari hivyo waziwazi, na kiasi chenyewe. Kwa limfoma, mimi ningeitunza kwa ajili ya PET ya siku ya 90 badala ya kuimaliza siku ya 30, ikiwa mgonjwa anaendelea vizuri. Kwa lukemia, ningeiweka kwenye MRD ya kwanza iliyochukuliwa vizuri. Kwa mayeloma ningeigawa katika vipimo vidogo vya damu vya miezi kadhaa, ambavyo vikianza kupanda, mgonjwa bado ana wakati wa kupata tiba nyingine.